Mfungwa, mzigo na mgonjwa njiani: uchambuzi wa kisa cha Paulo na kanisa la Filipi

Waraka kwa Wafilipi una sura 4 na aya 104. Ukiusoma kwa sauti bila kukimbia, unachukua kama dakika 20. Humo ndani furaha na kufurahi vinatajwa mara 16 hivi, na aliyeuandika alikuwa mahabusu. Ndiyo maana huwa wa kwanza kufunguliwa mtu akifiwa, akiachishwa kazi au akipewa majibu mabaya ya kipimo. Na ndiyo maana unaumiza wengi, kwa kuwa kinachosomwa kwa kawaida ni aya mbili tu, 4:4 ("Furahini katika Bwana sikuzote") na 4:13 ("Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu"), na zote mbili zimeng'olewa kwenye habari iliyozizaa.

Hapa tunauchukua waraka mzima kama kisa kimoja: nani alikuwa na shida gani, nani alimletea nini, nini kiliharibika njiani, na furaha ilitokea wapi hasa. Ukiufuata hivyo, kinachojitokeza ni mtandao mdogo wa watu maskini wanaosafirisha fedha, habari na mgonjwa mmoja kwa njia ndefu. Yule shujaa anayetabasamu peke yake gerezani, tuliyezoea kumsikia mimbarani, hayumo.

Hali ya mfungwa

Kwa maelezo ya Matendo ya Mitume, Paulo alikaa kizuizini Kaisaria miaka 2, akasafirishwa kwenda Rumi kwa rufani yake kwa Kaisari, merikebu ikavunjika Malta, kisha akakaa Rumi miaka mingine 2 akilindwa na askari. Wapo wataalamu wanaouweka waraka huu Efeso au Kaisaria. Sisi tunafuata maoni ya zamani zaidi, kwamba ni Rumi, karibu na mwaka 60 hadi 62. Ikiwa ni Efeso, kinachobadilika zaidi katika uchambuzi huu ni urefu wa safari.

Mambo mawili ya kawaida kabisa yanasahaulika. La kwanza ni kwamba Matendo 28:30 inasema alikaa katika nyumba aliyoipanga, kwa hiyo kulikuwa na kodi ya kulipa. Mtu huyu alikuwa fundi wa mahema, na fundi aliyefungwa mnyororo hazunguki sokoni kutafuta wateja. La pili, dola ya Rumi haikujali sana mfungwa amekula nini. Ndugu na marafiki ndio waliomlisha, kama ilivyo kwenye wodi nyingi za kwetu ambako chupa ya uji na shuka hutoka nyumbani. Mfungwa asiye na watu wa nje alikuwa katika hatari kabla hata kesi haijaitwa.

Juu ya hayo, kuna wahubiri wenzake waliokuwa wakitumia kufungwa kwake kujijengea jina, wakidhani wanamwongezea dhiki (1:15-17). Na hukumu ilikuwa haijatoka. Ingeweza kuwa kifo. Basi anaposema "furahini", mezani pana kodi, chakula, wapinzani wa ndani ya kanisa na uwezekano wa kuuawa.

Mzigo ulivyofika

Filipi ilikuwa koloni la Kirumi huko Makedonia, kwenye barabara kuu iliyoitwa Via Egnatia. Kutoka huko hadi Rumi unafuata barabara hiyo kuelekea magharibi hadi pwani ya Adriatiki, unavuka bahari hadi Italia, halafu unapanda na Via Appia. Ni zaidi ya kilomita 1,000, nyingi kwa miguu. Hesabu ya wiki kadhaa kwa safari moja ni ya haki kabisa.

Sasa hesabu safari zenyewe. Habari za kufungwa kwake zilifika Filipi. Kanisa likachanga, likamtuma mjumbe wake Epafrodito na mzigo. Epafrodito akaugua, habari za ugonjwa wake zikarudi Filipi, nao wakaingia wasiwasi. Habari za wasiwasi huo zikamfikia Epafrodito alipo, naye akahuzunika kwa kuwa watu wa kwao wamesikia anaumwa (2:26). Ndipo waraka ukaandikwa na yeye akarudi nao. Wengine hudhani aliugulia njiani, kwa hiyo safari zinapungua moja, lakini picha haibadiliki: nyuma ya kila "nafurahi" kuna miezi ya watu kutembea.

Waliochanga hawakuwa matajiri. Wakorintho wa Pili 8:2 inazitaja jamii za Makedonia kuwa na "umaskini mwingi" na wakati huohuo "wingi wa furaha". Walishamtumia msaada zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike (4:16). Halafu msaada ukakatika. Paulo anaeleza kwa upole kwamba hawakuacha kumfikiria, walikosa nafasi (4:10).

Hapa pana somo la kwanza la kazi kwa kila jumuiya na kikundi cha nyumbani. Msaada hukatika hata pale upendo haujakatika, na hukatika kwa wakati unaojulikana. Msibani watu wanajaa hadi matanga yaanuliwe. Wiki ya pili mjane anabaki na sufuria za kuazima anazotakiwa kurudisha. Kwa hiyo siku ileile ya kugawana kazi za mazishi, pangeni pia nani atafika wiki ya pili, nani mwezi wa kwanza, na nani atauliza habari za ada shule zikifunguliwa. Andikeni majina matatu na tarehe tatu kwenye daftari la mhazini. "Tutakuwa pamoja nawe" isiyo na tarehe haifiki mwezi wa pili.

Tazama pia 4:18. Paulo anathibitisha kwamba amepokea, anamtaja aliyeleta, anasema kimetosha na kuzidi. Ni risiti. Wachangaji wa Filipi walijua senti zao zilifika na zilipitia mkono wa nani. Mchango usiorudishiwa taarifa hufa wa tatu au wa nne, halafu tunasema watu wamepoa kiroho.

Mjumbe anaugua

Sehemu hii ya kisa, 2:25-30, ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo iliyojaa kuliko zote. Mtu aliyetumwa kumhudumia mfungwa anakuwa yeye wa kuhudumiwa. Anaugua "hata karibu kufa".

Angalia Paulo asichosema. Hasemi Epafrodito alipungukiwa imani, wala hasemi kuna dhambi iliyofichwa. Hatuelezwi hata kwamba Paulo alimponya, ingawa Matendo 28:8-9 inasimulia jinsi alivyowaombea wagonjwa Malta wakapona, katika safari hiyohiyo ya kwenda Rumi. Anasema tu Mungu alimhurumia, "wala si yeye tu, ila na mimi pia, nisiwe na huzuni juu ya huzuni."

Huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo huzuni ya kwanza ilikuwapo tayari. Na aya inayofuata anasema anamrudisha Epafrodito ili wao wafurahi "nami nipunguziwe huzuni yangu". Ipunguzwe, hakusema iishe. Mwandishi wa furaha zote hizo anakiri waziwazi, kwa wino, kwamba ana huzuni inayohitaji kupunguzwa, na anachukua hatua ya kuipunguza: anamrudisha mtu kwao. Sura ya 3 anaandika akitoka machozi (3:18). Anayemwambia mfiwa afute machozi kwa kuwa "Biblia imesema furahini" anatumia waraka ambao mwandishi wake mwenyewe alikuwa akilia.

Kuna jambo jingine la kiutendaji. Epafrodito anarudi mapema, tena akiwa ameumwa. Ni rahisi kijiji kizima kusema tulimchangia nauli, kazi hakuimaliza. Paulo analizuia hilo kabla halijaanza: anawaagiza wampokee "kwa furaha yote", wamheshimu, na anaeleza kuwa aliponza roho yake kwa ajili ya kazi. Kila anayeuguza anahitaji barua ya namna hiyo. Dada anayelala kwenye benchi la hospitali mwezi mzima na kaka yake, akirudi nyumbani kupumzika, mara nyingi anapokelewa na maswali. Mchungaji au mzee wa kanisa amsindikize, aseme mbele ya ndugu alichofanya, halafu aseme nani anashika zamu.

Zamu yenyewe iwe fupi. Anayelala wodini usiku asikae zaidi ya siku 3 mfululizo ikiwa kuna mtu mwingine wa kumpokea. Mpe nauli mkononi badala ya ahadi, mpe sabuni na chakula chake mwenyewe, maana wengi huishia kula anachobakiza mgonjwa. Kinachowaangusha wauguzaji wengi ni kwamba hakuna aliyewaona kuwa nao wana mwili.

4:13 inasema nini

"Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Imebandikwa kwenye daladala, kwenye fulana, kwenye mabango ya semina za biashara. Rudi nyuma aya mbili. Mambo anayoyaweza ameyaorodhesha: kudhiliwa na kufanikiwa, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anazungumzia uwezo wa kukaa na njaa bila kuvunjika, na pia uwezo wa kukaa na shibe bila kupotea. Mtihani, zabuni na ushindi havikuwa kwenye orodha.

Anasema amejifunza hayo. Si kipawa alichozaliwa nacho, maana ni mtu huyuhuyu aliyewaandikia Wakorintho miaka michache kabla kwamba alilemewa kupita nguvu zake hata akakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Anayejifunza ana siku za kushindwa. Mwamini aliyeamka leo hana furaha hata chembe yuko darasani, hajafukuzwa shule.

Ukiendelea mbele kwa aya moja unakuta "Walakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Yaani, nayaweza yote, lakini hata hivyo asanteni kwa mzigo. Nguvu za Kristo na mfuko wa Epafrodito vimewekwa bega kwa bega. Kanisa linalomsomea mtu 4:13 bila kutenda 4:14 limemwachia kazi yote aifanye mwenyewe, na likamnyima njia mojawapo ambayo nguvu hizo hupitia.

Kusali kwa 4:6, hatua kwa hatua

Agizo la furaha, 4:4, halikuandikwa hewani. Aya mbili kabla yake kuna wanawake wawili, Euodia na Sintike, watenda kazi wa siku nyingi, wamegombana. Paulo anawasihi kwa majina, mmoja mmoja, na anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Ndipo anasema furahini, kisha upole wenu ujulikane na watu wote. Katika nyumba yenye shida ya fedha au ugonjwa, ugomvi wa pembeni ndio unaokausha furaha kwanza: nani alitoa kiasi gani, nani hakuja kuona mgonjwa. Ukienda kuombea nyumba ya namna hiyo, uliza hilo mapema, na mtafute mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote.

Halafu inakuja sala yenyewe, 4:6, nayo ina viungo vitatu: kusali, kuomba, kushukuru. Kinachoharibika mara nyingi ni kiungo cha katikati. Haja "zijulikane", yaani zitajwe. "Bwana, tuangalie katika hali yetu" haijataja kitu. Chukueni karatasi, andikeni: kodi ya chumba inayokwisha mwezi huu, dawa za presha za bibi, ada ya kidato cha pili, hofu ya majibu ya kipimo. Ombeni moja baada ya nyingine. Faida yake ya pili inaonekana papo hapo: mkishataja, waliopo chumbani wanajua mambo mawili kati ya hayo wanayoweza kuyabeba wao wenyewe kabla hawajaondoka.

Kushukuru nako kuna mtego. Wapo wanaolazimisha wafiwa kushukuru kwa ajili ya kifo. Katika waraka huu Paulo hashukuru kwa ajili ya mnyororo. Anashukuru kwa ajili ya watu: "Namshukuru Mungu wangu kila niwakumbukapo" (1:3). Kuhusu mnyororo anasema umetokea kuieneza Injili, kwa kuwa askari wamejua sababu ya kufungwa kwake (1:12-13). Hiyo ni taarifa ya kilichotokea, na aliitoa mwenyewe baada ya kukiona. Hakuna aliyekuja kumwambia siku ya kwanza. Mtu anaweza kusema 1:29, kwamba tumepewa kuteswa, lakini aya hiyo inahusu mateso "kwa ajili ya Kristo", ya kupingwa kwa sababu ya imani. Kuibandika kwenye saratani ya mtoto ni kuipeleka isikotumwa. Mwenye uchungu na ashukuru kwa anachokiona kweli: jirani aliyefua nguo, daktari aliyeeleza kwa subira. Vitu viwili vinatosha.

Ahadi inayofuata, amani ipitayo akili zote, inasema italinda mioyo na nia. Haijasema kodi italipwa. Na 4:8, ile orodha ya kutafakari, inaanza na "yaliyo ya kweli". Kwa hiyo kumkataza mgonjwa asitaje jina la ugonjwa wake, "usiukiri", kunapingana na aya yenyewe. Ukweli wa kipimo umo ndani ya mambo ya kutafakari, na dawa zinaendelea kunywewa kama daktari alivyoandika huku maombi yakiendelea.

Usiku wa Filipi, na asubuhi yake

Wafilipi walipousikia waraka ukisomwa, walikuwa na kumbukumbu yao. Karibu mwaka 50, Paulo na Sila walipigwa bakora mjini kwao, wakatupwa chumba cha ndani, miguu kwenye mkatale. Usiku wa manane wakawa wanaomba na kuimba, na wafungwa wengine wakisikiliza (Matendo 16:25). Mahubiri mengi huishia kwenye tetemeko la ardhi lililofuata na kufungua milango, kana kwamba wimbo ni funguo ya mlango.

Endelea kusoma. Milango inafunguka nao hawatoki. Mlinzi anawaosha mapigo na kuwawekea chakula, maana walioimba bado walikuwa na vidonda na njaa. Kisha asubuhi makadhi, yaani mahakimu wa mji, wanatuma watu wakisema waachiwe kimyakimya, na Paulo anakataa: wametupiga hadharani bila hukumu, nasi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe. Sheria ya Rumi ilimkinga raia na kipigo cha namna hiyo, na Paulo alijua. Aliyeimba usiku alidai haki yake asubuhi, na makadhi wakaja kuwasihi. Mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji asiambiwe aimbe tu. Aimbe, na kesho yake asindikizwe kwenye baraza la ardhi na nakala ya cheti cha ndoa na cha kifo.

Kuchagua andiko kwa wakati wake

Tetemeko la Matendo 16 ni habari nzuri kwa mtu ambaye mlango wake umeshafunguka. Kwa anayesubiri majibu, linaweza kumtesa, maana atajiuliza mbona lake halitetemeki. Huyo asomewe 1:19-26, pale ambapo mwandishi mwenyewe hajui kama ataishi au atakufa.

Hapo msomaji awe mwangalifu. Paulo anasema anatamani kwenda akae na Kristo, kisha anajibu kwamba kukaa mwilini kunahitajiwa zaidi kwa ajili yao. Mgonjwa au mfiwa akisema "heri nife", usimkatize kwa kukemea pepo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, vitu vya kumdhuru viondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo pamoja na mtu anayemwamini. Andiko litasomwa njiani.

Kwa aliyefiwa wiki hii, anza na 2:25-30, na uiweke 4:4 kando kwanza. Warumi 12:15 imeweka kufurahi na wafurahio na kulia na waliao katika aya moja, na zamu ya kulia ikifika inafuatwa. Baada ya miezi, yeye mwenyewe ndiye atakayeomba sura ya nne.

Na kwa familia iliyokwama katikati, kesi haijaisha au matibabu ni ya muda mrefu, soma 2:19-28. Hukumu haijatoka, lakini Paulo ameshapanga: Epafrodito anaondoka sasa, Timotheo atatumwa mara tu atakapoona mambo yake yanaelekea wapi, na yeye mwenyewe anatumaini kuja upesi. Fanyeni hivyo kwenye karatasi ileile ya maombi: nani anampeleka kliniki wiki hii, nani wiki ijayo, na nani anabaki na watoto.